Nyenje na Mashuka

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa shuleni tena. Mwalimu wa darasa si mtu mbaya, amechoka tu. Binti yangu ametoka kitini, amepanda dirishani, amedakia swali la mwenzake, kalamu imepotea, daftari limeokotwa chooni. Yote kabla ya mapumziko! Hali ikiendelea hivi hadi mwisho wa muhula, mwalimu anasema, tumtafutie shule nyingine. Shule gani? Hakujua.

Nyenje – jina nililompa mwenyewe, maana alianza kurukaruka na kupiga kelele kabla hajajua kutembea vizuri – alikuwa mlangoni anaruka kigae hadi kigae. Ana miaka minane. Njiani akaniuliza kama kichwa chake ni kibovu. Nikasema hapana. Nilisema haraka mno.

Jumatano, 5 Machi

Kwa daktari wa watoto. Mama Nyenje aliomba ruhusa kazini, jikoni kwao hotelini, ili tuwe wote. Daktari ni mama wa makamo, hana pupa. Alimtazama mtoto akicheza, akatuuliza maswali mpaka jasho likanitoka. ADHD, anasema, yaani ubongo unaopata shida kutulia na kushika jambo moja. Si ukaidi, si malezi mabaya. Mama Nyenje akafuta machozi. Miaka yote hii dada yangu anamwambia kwamba mtoto amekosa fimbo tu.

Dawa zipo, na daktari hazibezi, zinawafaa wengi. Ila kwa Nyenje angependa tuanze na maisha ya kila siku. Alale mapema, simu na televisheni zizimwe kabla ya hapo. Asubuhi akimbie, acheze, mwili upate haki yake. Agizo moja kwa wakati mmoja. Akifanya vizuri asifiwe papo hapo, si jioni. Halafu turudi tuamue.

Mama Nyenje anataka dawa sasa. Mimi naziogopa. Tumerudi nyumbani kila mtu anatazama upande wake.

Jumapili, 9 Machi

Agizo moja – rahisi kusema! Leo nimejisikiliza: vaa viatu, begi liko wapi, umepiga mswaki, mbona nywele hivyo, twende. Yote kwa pumzi moja. Nikachuchumaa mbele yake nikasema, "Viatu."

Akavaa. Akanitazama, anangoja la pili. Nikabaki nimechuchumaa pale kama mjinga.

Mchana, kazi ya shule. Ameandika mstari, kainuka. Nimemrudisha, kainuka. Kabla sijapandisha sauti akaniambia, "Baba, taa inalia."

Mimi sikusikia kitu. Nikaizima ili yaishe. Akasema bado friji. Nikachomoa. Bado bomba la nje linadondosha. Nikalikaza. Na redio ya jirani – hiyo tukaifungia dirisha. Nikakaa. Ndipo nikasikia nyumba yangu ilivyo kimya, na jinsi ambavyo haikuwahi kuwa kimya. Vitu hivyo vyote mimi nimevizoea hadi kwangu havipo. Kwake vipo, vyote kwa mpigo, na kila kimoja kina sauti kubwa kama ya mwalimu.

Amemaliza ukurasa.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Alilala vibaya, asubuhi mvua, hatukukimbia. Jioni amerusha sahani. Nilipoanza kumweleza mama yake habari za taa na friji, alikuwa anaokota vipande.

"Wewe unaona maajabu," akasema. "Mimi naona sahani."

Nikaleta ufagio.

Jumanne, 25 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwenzangu kazini, kwenye duka la dobi ninakofulia, anaumwa, na mashuka ya hoteli yalikuwa mlima. Nyenje ametoka shule, anazunguka mashine, roho yangu iko juu. Nikampa ncha mbili za shuka nikasema, "Vuta." Akavuta. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja: mnanyoosha, mnasogeleana, mnakutanisha ncha, mnaachana tena. Njoo, nenda. Njoo, nenda.

Bila kuulizwa akaanza hesabu ya saba. Ile ile anayoikosea kila wiki. Saba mara nne, saba mara tano, kila tukikutana anatoa jibu. Hakukosea hata moja! Halafu akanieleza safari ya damu: inatoka moyoni, inaenda kwenye mapafu kuchukua hewa, inarudi moyoni, ndipo inasukumwa mwili mzima. Nikamuuliza kaisoma wapi. Akasema mwalimu aliifundisha ile siku alipopanda dirishani.

Kumbe alikuwa anasikia. Yuko juu ya dirisha, anafokewa, na somo lote linaingia.

Nilisimama na ncha zangu mkononi. Akaniambia, "Baba, unachelewesha kazi."

Jumamosi, 29 Machi

Mama Nyenje mwenyewe amekuja kazini kwangu. Alinipokonya ncha zangu za shuka. Nikakaa juu ya kapu kuwatazama, yeye na Nyenje. Waligongana, wakacheka, wakashika mwendo. Alimuuliza za saba, kisha za nane, kisha akaacha kuuliza akawa anamtazama tu.

Jioni akasema bado atauliza kuhusu dawa. Nikasema tuulize pamoja. Nilishangaa kuona sikuwa na hofu nazo tena.

Alhamisi, 3 Aprili

Kesho ni kwa daktari. Na leo mwalimu amenitumia ujumbe: njoo kabla ya saa sita. Wiki hii nilimweleza habari za mashuka, na kwamba mtoto akiwa anatembea ndipo anashika. Alinisikiliza, mikono kifuani. Nikajua nimeitwa kuambiwa basi, imeshindikana.

Mlango wa darasa uko wazi. Wenzake wamekaa. Nyenje amesimama nyuma kabisa, kwenye meza iliyoinuliwa kwa matofali, kitabu juu yake. Anasoma kwa sauti, anakwenda ukutani na kurudi. Hakuna anayecheka. Mwalimu ameniona, akanyoosha kidole: ngoja.

Niko kwenye benchi la nje, naandika huku nangoja. Amekosea neno, amerudi nyuma, kalipata. Mama Nyenje amepiga kuuliza nimeitiwa nini. Nimepokea, nikaielekeza simu mlangoni. Sasa iko gotini kwangu. Jikoni kwake sufuria zilikuwa zinagongana, zimenyamaza. Hajakata. Nyenje amegeuza ukurasa, anaendelea –