Chumvi Ina Haya

Shangazi,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo shikamoo kisha nikasubiri, mjinga mimi, kana kwamba marahaba itatoka kwenye kigoda chako. Halafu nikainuka, nikatoka nje, nikarudi. Tangu asubuhi hiyo ndiyo kazi yangu, kukaa na kuinuka. Ungekuwepo ungeniuliza kama nimekalia siafu.

Nianze na habari. Umezikwa kando ya kaka yako, baba yangu, kama ulivyotaka. Barua ya msiba ilinikuta chuoni baada ya siku nane, na gari moshi liliponishusha hapa Kintinku, majani yalikuwa yameshaanza kuota juu yako. Mbuzi wako wako kwa jirani yako, Mama Tatu. Yule beberu wa pembe moja ni mwizi vilevile, juzi kaingia jikoni kwa watu. Paa linavuja upande wa mlangoni. Naandika haya madogo kwa sababu naliogopa lile kubwa.

Lile kubwa unalijua. Ni ile siku ya mzungu wa mambo ya udongo.

Alikuja kiangazi kilichopita, mimi niko likizo, na Bwana Shauri wa wilaya alikuwa amemwambia kuna binti hapa anajua Kiingereza. Nikavaa gauni la chuo na viatu, mbugani tunakopikia chumvi, penye watu wote miguu mitupu. Wanawake walikuwa wameshakwangua udongo wa chumvi na kuujaza kwenye vichungio vya nyasi, wamemimina maji juu, yanadondoka kwenye vyungu chini. Mzungu akauliza: mnajuaje kwamba maji yamekuwa tayari kupikwa? Swali zuri, maana kuni tunazifuata mbali, na ukipika maji mepesi utachoma mzigo mzima upate chumvi ya kujaza kiganja. Wote wakakutazama wewe. Mwonjaji ulikuwa wewe, miaka yote. Ukisema bado, hakuna aliyethubutu kuwasha moto.

Ukachukua unyasi. Ukaugusisha juu ya maji, palepale usoni, ukaulamba. Ukauzamisha mpaka chini, ukaulamba tena. Ukasema kwa Kigogo, kwa ile sauti yako ya kufundisha, "Chumvi ina haya, haikai usoni. Juu pakiwa papole na chini pakiuma, washa moto."

Na mimi sikutafsiri, Shangazi. Nilimwambia yule mzungu kwamba hizo ni imani za wazee wasiosoma, kwamba chumvi ikishayeyuka huenea sawasawa juu na chini, kitabuni imeandikwa hivyo. Akacheka. Nami nikacheka naye! Kiingereza hukujua hata neno moja, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Ukauweka unyasi chini, ukajifunga kaniki yako upya, ukaenda nyumbani. Chakula ulinipakulia kama kawaida, na ukanitengea nyama ya shingo, ile niipendayo. Heri ungenitukana.

Nikarudi chuoni bila kuomba radhi. Nilijiambia nitaomba likizo ijayo. Likizo ijayo ndiyo hii.

Sasa nisikilize, usinikatize. Muhula huu mwalimu wetu wa sayansi alileta mabeseni mawili ya maji, akanyunyiza vumbi la chaki juu yake. Katika la kwanza akadondosha sabuni. Vumbi lilikimbia lote mpaka ukingoni. Akasema sabuni hupenda uso wa maji, hukimbilia juu. Katika la pili akadondosha maji ya chumvi, na vumbi likatulia tu. Akatueleza kwamba chumvi ikiyeyuka huvunjika vipande vidogo kupita vumbi lolote, vya namna mbili, kila kimoja na umeme wake, na maji huvishika kutoka kila upande. Lakini pale juu kabisa, upande mmoja ni hewa, na hewa haishiki kitu. Kwa hiyo vinarudi chini kidogo. Uso wenyewe wa maji ya chumvi, akasema, karibu hauna chumvi.

Nilisimama darasani bila kuitwa. Wenzangu walidhani nina swali. Sikuwa na swali, nilitaka kupanda gari moshi nije nikupigie magoti. Chumvi ina haya, haikai usoni! Umelisema miaka yote bila beseni wala chaki. Baadaye nikahesabu siku. Nilipokuwa nimesimama pale, wewe ulikuwa umeshazikwa.

Lakini usianze kutamba. Nilimfuata mwalimu nikamuuliza kama ulimi unaweza kuonja jambo hilo. Akasema hauwezi kabisa, tabaka lenyewe ni jembamba mno, unyasi ukigusa juu unachukua na maji ya chini yake. Basi ulikuwa unaonja nini, wewe mama? Nimelifikiri hili mpaka usingizi umenihama. Labda ni yale matone ya mwisho, udongo ukiwa umeshatoa chumvi yake yote, maji mepesi yanaelea juu ya mazito. Labda. Neno lako lilikuwa kweli na ulimi wako ulikuwa kweli, ila sina hakika kwamba vilikuwa kweli moja. Nani nimuulize sasa? Naudhika, Shangazi. Ungengoja wiki mbili tu.

Jana nilikwenda mbugani kukiri. Nilikuwa nimeambiwa kwamba tangu siku ya mzungu hukukanyaga tena pale, na nilijua ni mimi niliyekuvunja moyo. Nikasimama mbele ya wanawake wote, nikawaeleza nilichosema kwa Kiingereza, neno kwa neno, na kwamba mkosaji ni mimi. Nilingoja wanizomee.

Mama Tatu akatikisa kichwa. Akasema hukususa. Walikufuata nyumbani mara kwa mara, na kila mara ukawajibu, "Mwonjaji sasa ni Salome. Amesoma. Mngojeni." Na wakangoja kweli! Ilipobidi kupika walipika kwa kubahatisha, mizigo ya kuni ikateketea, chumvi ikatoka kidogo, na bado hawakumweka mwingine. Kisha akanipa unyasi.

Nikaonja juu. Nikaonja chini. Nilikuwa nalia, na anayelia hawezi kuonja chumvi. Nikawaambia sijui. Tangu nivae viatu sijawahi kulisema neno hilo mbele ya watu. Hakuna aliyecheka. Mama Tatu akasema nipanguse uso, nionje tena.

Kwa heri, Shangazi yangu. Sitakuahidi kwamba nitakuwa wewe. Nakuahidi nitaonja kila likizo, nitakosea, na kuni nitakazowapotezea nitazibeba kwa kichwa changu mwenyewe. Nasikia yule mzungu atarudi kiangazi hiki. Akiuliza tena, nitakutafsiri kwanza wewe, yote uliyosema, hata kama atacheka. Mimi sitacheka.

Mtoto wako,
Salome