Zabibu Zimevunwa, Bado Nalala Shambani

Shangazi Frida, shikamoo. Naomba unisaidie maana sina mwingine wa kumweleza, mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo, nina mke, Yudith, na tangu mwaka jana nguvu za kiume zimenikimbia, nikaona aibu, basi zabibu zilipoiva nikamwambia nakwenda kulala kibandani shambani kuzilinda na wezi, naye akanifungia chakula na blanketi, kumbe mimi nakimbia kitanda, sasa tumeshavuna zote, hata matawi tumeshakata, na bado kila jioni nabeba tochi yangu kama mtu mwenye kazi, juzi akaniuliza, "Baba Luka, unalinda nini?" nikamjibu miche, na tangu hapo hanifungii chakula tena. Nimekunywa unga wa mizizi wa mnadani, moyo ukaenda mbio tu, na mvinyo nakunywa ili nipate usingizi. Kiu hainiishi, haja ndogo kila mara, na upweke wa huko unanimaliza. Naogopa atadhani nina mwanamke, na naogopa zaidi kumwambia ukweli.

Mlinzi, Hombolo

Shangazi Frida anajibu:

Marahaba, mlinzi. Pole sana, nami sikucheki, ingawa hayo matawi makavu umeyalinda vya kutosha.

Kiu hiyo na haja ndogo za kila mara zinataka ukapime sukari, na presha pia. Maradhi hayo, hata ya moyo, huweza kupunguza nguvu za mwanamume. Unga wa mnadani haujui unaumwa nini. Uache leo, ubebe uliobaki daktari auone, na mvinyo uupunguze. Wahenga walisema mficha uchi hazai, wewe wako umeuficha mpaka shambani.

Ila dawa peke yake haitakutosha, maana na moyo wako unaumwa. Mtu hawezi kupona huku analala peke yake akijihukumu. Na Yudith si mjinga, mke wa mkulima anajua shamba limevunwa lini. Alipokuuliza alikuwa anakufungulia mlango, ukampa miche. Huenda naye analala akijiuliza amekukosea nini. Mwombe mwende hospitali pamoja.

Leo jioni tochi iache ukutani. Kaa ndani, mwombe chakula, kisha umjibu lile swali lake la juzi: ulikuwa unalinda aibu, na umechoka.