Barua Zisizo na Majina

Jumatatu, 6 Oktoba 2008
Nimeokota korosho mpaka mgongo umekataa. Zuhura mwanangu kaja na karatasi zake za barua. Ana kompyuta kule Nachingwea mjini, wakulima wanaandikiana humo. Sisi wa Nambambo, wa Malolo, wa Nandagala. Akiandika mmoja wanapata wote, na hakuna majina. Leo barua ishirini, kumi na saba takataka. Dawa za nguvu za kiume. Bahati nasibu za Ulaya. Watu wamechoka, wanataka kujitoa.

Jumatano, 8 Oktoba
Wapo wanaotaka kila mtu aandike jina, la baba, na kijiji, eti takataka ziishe. Zuhura kakataa. Nimeshukuru. Ile barua ya jiwe lililofungwa chini ya mizani ya ghala letu, la kutupunja kilo, ni yangu. Anajua Zuhura tu, ndiye aliyeichapa. Mwaka juzi mtu alimsema karani wa mizani, mikorosho ya huyo aliyesema ikawaka moto.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimempa mwanangu akili. Jina la nini? Mgeni aulizwe, salfa, ile dawa ya mikorosho, unapuliza saa ngapi. Mkulima atajibu alfajiri, umande ungali majanini, upepo haujaamka. Muuza dawa wa Ulaya atajulia wapi? Zuhura kacheka, "Mama, ungesoma wewe tungekoma!"

Jumanne, 14 Oktoba
Takataka zimekwisha. Wameingia wapya watatu, wamejibu sawasawa. Anayeingia anasoma na barua za nyuma. Mmoja anauliza sana habari za mizani. Nani kaona, siku gani. Simpendi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimepeleka gunia mbili ghalani. Karani hata korosho hakutazama. "Shikamoo mama. Wale mbuzi mapacha hawajambo?" Nikajibu marahaba baba, hawajambo. Akamgeukia Mama Saidi nyuma yangu, akamuuliza hivyohivyo. "Mbuzi gani tena? Mie nafuga kuku!" Watu wakacheka. Karani kanitazama mimi.
Sikumwambia mtu mbuzi wangu kazaa mapacha, naogopa jicho. Niliandika tu kwenye ile barua, pale kwenye salamu. Nitaanzaje barua bila kuwapa watu hali ya nyumbani? Mjinga mimi. Na karani naye ana mikorosho. Salfa anaijua.

Jumapili, 19 Oktoba
Zuhura analia, anataka kusimamisha barua zote. Nimemkataza. Imekuja barua ya Malolo, mizani yao nayo ina jiwe. Sasa kila barua inapita kwake kwanza, anakata salamu zote. Barua kavu kama tangazo la serikali.
Karani kapita hapa mara mbili, mchana kweupe. Hakubisha hodi. Gunia zilizobaki nimezisogeza mlangoni, ziwe komeo. Nimezikalia, naandika.