Sufuria ya Nne ya Tofi

Isiolo, Alhamisi. Jua limeamka na hasira, na upepo unaleta vumbi hadi ndani ya kabati la vyombo. Nguo nilizoanika saa tatu zilikuwa zimekauka saa nne. Mimi pia nimeamka na hasira, kwa hivyo leo mimi na hali ya hewa tunaelewana.

Nimeharibu sufuria ya nne.

Naongea kuhusu tofi ya maziwa, ile laini ambayo vitabu vya mapishi vinaiita faji. Sukari, maziwa, siagi na chumvi ya kushikwa kwa ncha za vidole. Hakuna nyumba mtaani kwetu isiyo na vitu hivyo. Mama amekuwa akiipika tangu kabla sijazaliwa. Alijifunza kuipika jikoni kwa masista huko Meru, akiwa msichana wa kuosha vyombo, akaja nayo Isiolo alipoolewa na Baba, aliyekuwa na duka la nafaka hapa mjini.

Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kusafiri bila mkebe wa tofi hiyo. Kaka yangu Murithi alipoenda shule ya bweni alipewa wake. Nilipoenda chuo nilipewa wangu, na niliumaliza kabla sijafungua begi. Baba alipopelekwa hospitali mara ya mwisho, Mama alimpikia pia, ingawa daktari alikuwa amemkataza sukari. Baba aliupakata mkebe njia nzima na hakuufungua.

Sasa anayesafiri ni Mama. Jumamosi Murithi anakuja na gari kumchukua akaishi kwake Nkubu, kwa sababu mimi nimehamishiwa Garbatulla kikazi na natakiwa kuripoti Jumatatu. Mama ana miaka sabini na sita. Bega lake la kulia liliacha kuinuka mwaka juzi, na tangu hapo hajapika tofi. Hawezi kubaki peke yake. Hayo yote mimi na Murithi tulipanga kwa simu. Ofisi ilinipa wiki hii nifunge nyumba, nami nikajiambia kwamba kabla sijafunga katoni hata moja, nitampikia Mama mkebe wake. Kama si mimi, nani atampikia?

Niliona ni kazi rahisi. Nimemtazama akiipika maisha yangu yote.

Sufuria ya kwanza ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Siri ya tofi iko kwenye kikombe. Unachemsha huku unakoroga, halafu unadondosha tone moja kwenye kikombe cha maji baridi. Tone likishikana likawa kidonge laini cha kubonyezeka, imeiva, unaepua. Unaiacha ipoe hadi uweze kukalisha sufuria kwenye kiganja, kisha unaipiga kwa mwiko hadi iache kung'aa, unaimwaga kwenye trei. Nilichota maji ya friji, kwa sababu baridi ni baridi. Kidonge kilishika upesi sana, nikafurahi, nikaepua. Nikapiga mwiko hadi mkono ukafa ganzi. Haikushika. Niliinywa kama uji. Mama alisema ameshiba.

Jumatatu stima ikapotea mtaa mzima, na mpaka leo inakuja na kuondoka itakavyo. Nikatumia maji ya bomba, yale ya tangi jeusi lililo juu ya choo. Mara hii tone likawa linatawanyika tu kikombeni. Nikaendelea kupika. Likatawanyika tena, nikaendelea tena. Liliposhika hatimaye, nikamwaga, na tofi ikaganda kabla haijafika kwenye pembe za trei. Nilijaribu kuikata kwa kisu, kisu kikapinda.

Jana nikalaumu maziwa. Nikabadilisha, nikanunua ya mama mmoja anayeyaleta kutoka upande wa Ngaremara, mazito na matamu. Nikapata jiwe lilelile, na safari hii likiwa na chembechembe za sukari zinazokwaruza meno.

Na muda wote huo Mama ameketi kwenye kigoda chake mlangoni mwa jikoni, mikono mapajani, ananitazama.

Hilo ndilo linalonichoma. Namuuliza kama imeiva, ananiambia mimi ndiye mpishi. Namuuliza nimekosea wapi, anasema nitajua tu. Naona aibu kuandika hili, lakini blogu hii haina maana kama nitaanza kuidanganya: kuanzia Jumanne nilianza kumfikiria vibaya. Nilifikiri anafurahia. Nilifikiri hataki mkono mwingine uijue tofi yake, kwamba afadhali ife naye. Nilimwekea chakula jana mchana bila kumsemesha. Mama yangu mzazi, siku zake za mwisho katika nyumba hii, na mimi nimenuna kama mtoto aliyenyimwa mandazi.

Leo saa saba nikaanza ya nne. Maji ya bomba, tone likatawanyika, nikapika. Nilipokuwa naipiga, ikakaza ghafla ikaushika mwiko. Nikavuta. Mwiko ukavunjika, mpini ukabaki mkononi mwangu na kichwa kikabaki kimesimama katikati ya sufuria.

Nikalipuka. Nilimwambia Mama kwamba nimechoka, kwamba nina nyumba nzima ya kufunga, kwamba namfanyia yeye hii kazi na yeye ananiangalia tu. Sauti yangu ilikuwa juu. Sijawahi kumpandishia Mama sauti namna hiyo.

Hakukasirika. Alinyoosha mkono wa kushoto akachovya kidole kwenye kikombe changu cha maji.

"Hii kikombe ndio inakudanganya," akasema. "Maji ya tangi imelala kwa jua. Tofi ikiingia humo haiwezi shikana hata kama imeiva, na wewe unaendelea kupika tu. Na ya friji inashika kitu bado mbichi."

Nikamuuliza sasa yeye alikuwa anatumia maji gani miaka hiyo yote.

"Ya mtungi."

Mtungi. Ulikuwa wa udongo, wa kupoza maji ya kunywa, umekaa pembeni pale jikoni, mweusi kwa uzee, mdomo umemeguka, umefunikwa kwa sahani ya bati yenye maua. Mwaka jana niliponunua friji nilitaka ile pembe. Niliutoa mtungi nje ya geti, na jioni mtu alikuwa ameshauchukua. Mama alipouliza, nilimwambia umezeeka, unajaza nafasi tu. Nayakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu nilikuwa najivunia friji yangu na nilicheka nikiyasema. Mama aliitazama ile pembe, akaenda kulala kidogo.

Mimi ni karani katika idara ya maji. Kazi yangu ni kuandika ripoti za visima. Siku tano nimechota maji kikombeni bila kujiuliza yana joto gani.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu Jumapili. Akajibu polepole, akiutazama mwiko uliovunjika.

"Siku ya mtungi hukuniuliza, Kendi."

Nilitaka kujibu kwamba mtungi ni mtungi tu. Lakini nilikuwa nimeanza kukumbuka siku niliyomwambia habari za Nkubu. Nilikuwa nachagua mawe kwenye mchele, sikuinua hata macho. Nilimwambia Murithi atamchukua, kwamba kuna chumba kizuri karibu na choo, kwamba kule hakuna joto kama hapa. Alisema "sawa". Nikamtumia Murithi ujumbe: Mama amekubali.

Amekubali nini? Hakuna mtu aliyemuuliza kitu. Amekaa mji huu miaka hamsini na zaidi, Baba amezikwa hapa, kanisani wanamjua kwa sauti kabla hajaingia, na sisi wawili tulimpangia safari kama mzigo wa kupakiwa. Yale niliyoyasema juu ya mtungi ndiyo niliyomfanyia yeye. Nimeona haya.

Nikaketi sakafuni karibu na kigoda chake. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, kama anataka kwenda.

Alikunjakunja pindo la leso. Halafu akasema, "Enda sokoni ununue mtungi."

Nikamwambia leo ni Alhamisi, na gari linakuja Jumamosi.

"Mtungi mpya inataka wiki mbili," akasema. "Maji ya kwanza inanuka udongo, unamwaga. Ya pili pia unamwaga. Ikishazoea, ndio unipikie tofi. Mimi siwezi toka kwa hii nyumba bila mkebe, na wewe unajua."

Hiyo ndiyo sheria ya nyumba yetu, na ni yeye aliyeiweka.

Nimempigia Murithi nikamwambia asije Jumamosi. Amenikaripia. Ameshaomba ruhusa kazini, mke wake ameshapaka chumba rangi, na ati nimeanza wazimu kwa sababu ya peremende. Nilimwambia ampigie Mama mwenyewe amuulize. Akasema atapiga kesho. Kuhusu Jumatatu sijui nitaiambia nini ofisi. Siwezi kuwaandikia kwamba nasubiri mtungi uzoee. Labda niombe wiki mbili. Labda Garbatulla kuna nyumba yenye vyumba viwili na jirani mwema, na labda Mama angependa kwenda huko nami, au labda asingependa kabisa. Hilo pia sijamuuliza.

Bado nimekasirika. Ila tangu mchana nimekosa wa kumkasirikia zaidi yangu mwenyewe.

Sufuria nimeiloweka, kichwa cha mwiko hakitaki kutoka. Mtungi nimeubeba kutoka sokoni kiunoni, mama wa sokoni akinicheka kwa namna nilivyokuwa nikiushika. Nimeisukuma friji kando nikauweka mahali pake pa zamani. Mama ameinuka mwenyewe, akaenda kabatini, akatoa ile sahani ya bati yenye maua. Kumbe aliiweka muda wote huu. Ameufunika mtungi kwa mkono wa kushoto.

Nimejaza maji ya kwanza. Kesho nitayamwaga.