Bunduki Fupi ya Nyumba Yetu

Mpendwa bibi,

Shikamoo. Hukujua kusoma, na kila barua iliyofika nyumbani nilikuwa nakusomea mimi. Kwa hiyo hii nitaiandika kwanza, kisha nije kuisoma kwa sauti hapo ulipolala, nyuma ya zizi. Mama amesema nisiogope watu wakiniona naongea peke yangu. Amesema hata yeye huongea na wewe akikamua.

Nimemaliza shule. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, lakini ulitangulia kuondoka kabla ya mtihani. Leo sitaki kukueleza habari za mtihani. Nataka tuongee habari za bunduki.

Nakumbuka yule kijana wa serikali aliyekuja kuandikisha kaya, tulipohamia kijiji kipya huku bondeni. Alikaa kwenye kigoda, akauliza, "Mwenye kaya ni nani?"

Ukasema, "Mimi."

"Mume wako yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

"Na huyu mama kijana ni nani wako?"

"Nimemwoa."

Kijana akaweka kalamu chini. Alikuwa mgeni, katokea mbali. Ukamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba kwetu Wakurya mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe zake akaoa mke, ili nyumba yake isife, na kwamba nyumba hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Ukaninyooshea kidole. "Na huyu ni mjukuu wangu, Robi. Andika." Akaandika. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango kwa aibu, lakini nilifurahi kwamba nimeandikwa.

Kiwanja tulichopewa kilikuwa cha mwisho kabisa, kinapakana na pori linaloshuka hadi Mto Mara. Nyumba zenye wanaume zilipeana zamu za kulinda, kwa mbwa na mikuki. Sisi tulikuwa wanawake watatu na madebe ya kugonga. Mwaka ule nguruwe pori walikula mahindi yetu wakaja mpaka karibu na mlango, na mama alilia huku anaokota magunzi. Wewe hukulia. Ulizunguka shamba lote, ukarudi, ukasema, "Nitanunua bunduki. Itafukuza hawa, na nyumbu wakishuka tutakula nyama kama watu."

Baba Marwa alikuwepo. Ni mtoto wa shemeji yako, na zamani alikuwa askari, kwa hiyo mambo ya bunduki aliyaona ni yake. Alicheka. "Mama, bunduki si mwiko wa ugali."

"Ningetaka mwiko ningekwenda mwenyewe," ukamjibu. "Bunduki naenda na wewe."

Mpaka leo sijui ulichukua siku ngapi kupanga foleni ofisini kwa polisi na kwa Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori, kule Tarime, mpaka wakakupa kibali cha kumiliki na leseni ya kuwinda. Najua tu kwamba ulimwambia mama nitakwenda na wewe Musoma nikusomee, na nikafurahi kwa sababu sikuwahi kuliona ziwa. Nikiwa njiani sikufikiria bunduki hata kidogo.

Dukani yule mzee mwenye miwani alimwangalia Baba Marwa, akamkaribisha kiti. "Karibu mzee. Unatafuta ya namna gani?"

"Mzee ni mimi," ukasema, ukakaa kwenye kile kiti.

Akacheka, akawa rafiki yako papo hapo. Alileta kwanza ile ya marisau, vile virisasi vidogo vinavyotawanyika, yenye mitutu miwili, akasema inafaa kwa mnyama wa karibu na ndege. Ukamuuliza kuhusu nyumbu aliye ng'ambo ya mbuga, akatikisa kichwa. Ndipo Baba Marwa akaona nyingine ukutani, kubwa, nyeusi, akaishusha mwenyewe. Akaipakata kama mtoto wake. "Hii hapa mama. Hii inaangusha tembo."

"Shambani kwangu kuna tembo?"

"Hapana."

"Basi wa kuangushwa ni mimi."

Yule mzee alicheka mpaka akavua miwani. Baba Marwa hakucheka. Aliiweka kwenye kaunta, lakini mkono wake hakuutoa.

Uliuliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiria. Risasi zake zinapatikana hapa, au ni mpaka mtu aende Nairobi? Ikilowa mvua inakuwaje? Ukatembea nayo dukani, toka mlangoni hadi ukutani, huku na huku, kama mtu anayejaribu mtungi kabla ya kuupeleka kisimani. Iliyokuchosha uliirudisha. Mwisho mzee akatoa moja ya risasi moja moja, nyembamba, mti wake umekwaruzwa. Alisema ilikuwa ya mpima ardhi aliyerudi kwao. Baba Marwa akasema, "Hiyo ya kuulia njiwa." Mzee akamjibu kwa upole kwamba nyumbu hufa kwa risasi iliyokaa mahali pake, na bunduki inayomtisha mpigaji haiweki risasi mahali pake.

Hapo ndipo ulipofanya lile jambo. Nyumbani kwetu hakuna anayelima kwa jembe la mwenzake. Kila mpini ulikuwa unauchonga wewe, unampima mtu mkono na mgongo, unaondoa kidogo, unampa ashike tena, mpaka useme basi. Nilikuwa na jembe langu, mama lake, wewe lako, na mgeni akitaka kusaidia ulimpa kazi nyingine. Sasa ukaniita. Ukakunja mkono wangu, ukaweka kitako cha bunduki ndani ya kiwiko changu, ukatazama kidole changu kinafika wapi. Hakikufika kwenye triga.

"Ndefu kidogo," ukasema. "Itakatwa."

Baba Marwa akasema, "Mama, unaipima kwa mtoto?"

"Huyu ndiye aliye karibu."

Mimi nilikuamini, bibi. Mkono wako ulipinda tangu fahali alipokuvuta na kamba, na nilidhani unahitaji tu mkono ulionyooka. Nilisimama pale nimeinama, natamani tumalize, kwa sababu watu wa dukani walikuwa wananiangalia.

Fundi seremala alikata kitako upana wa vidole viwili, akapigilia kipande cha tairi ili kisiumize bega. Ukaijaribu mara moja, na ukajikuta umekaa kwenye matuta ya viazi.

Mama akauliza, "Mbona umekaa?"

"Nimechoka. Nimetoka mbali."

Tangu hapo kila nikifunga shule tuliamka alfajiri, wewe na mimi, tukashuka mpaka mwisho wa shamba. Muda mrefu hukuniruhusu kupiga. Uliniambia nitazame tu. "Usimtazame mnyama peke yake. Tazama nyuma yake kuna nani." Nyuma ya mnyama kulikuwa na njia ya wanaokwenda mtoni kuchota maji, na siku nyingine watoto wanaochunga. Mara ngapi nguruwe alisimama wazi, na wewe ukanishika bega, tukamwacha aende. Siku uliyosema, "Macho yangu yana ukungu, lenga wewe," nilidhani nakuazima macho yangu. Hata nilipoangusha yule nguruwe dume nilisema kijijini kwamba bibi ndiye aliyepiga. Hukunikanusha. Ulicheka tu na ugoro wako.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada ya kukuzika.

Bunduki ya marehemu haikai nyumbani. Polisi waliichukua mpaka apatikane mwenye kuombewa kibali, kijiji kikiridhia. Baba Marwa akaja kuongea na mama. Alikuja vizuri, na sukari. Alisema ataiomba yeye, atalinda shamba letu pamoja na lake, na kwa kuwa hawezi kulinda sehemu mbili, sisi tuhamie kwenye boma lake, mashamba yawe kitu kimoja. Alipoondoka mama alisema polepole, "Nyumba ya bibi yako itakuwa imefungwa." Sukari ile ilikaa siku nyingi hatujaigusa.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la kijiji. Bwana Nyama alikuwepo, na askari aliyeleta bunduki. Baba Marwa akasimama, akasema yeye ni mwanamume wa ukoo, alikuwa askari, anaijua kazi. Watu wakaitikia. Kusema kweli mimi pia nilikuwa karibu kuitikia, kwa mazoea.

Mwenyekiti akasema, "Basi ishike, baba, tukuone."

Akainyanyua begani. Bibi, laiti ungeona. Kitako kikapotelea kwenye koti, kidole gumba kikagusa pua, na kiwiko kikakunjika juu kama cha mtu anayemaliza uji kwenye kata. Mzee mmoja akasema, "Baba Marwa, tubakizie na sisi." Watu wakacheka. Akaishusha, akaipandisha tena, pua ikaguswa tena.

"Hii imeharibiwa," akasema. "Imekatwa vibaya. Wanawake wameiharibu."

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, nyuma ya mgongo wa mama, mahali ninapokaa siku zote. Nikakumbuka lile duka, kiwiko changu, na jibu lako. Huyu ndiye aliye karibu. Mkono wa mama nao ulikuwa umenyooka, na yeye alikuwa mtu mzima. Ungeweza kumchukua yeye kwenda Musoma.

Mama akasogea pembeni. Hakugeuka wala hakunigusa. Alisogea tu, na ghafla mbele yangu hapakuwa na mtu. Nikasimama.

"Haikukatwa vibaya," nikasema. "Imekatwa kwangu."

Mwenyekiti akasema, "Binti, rudia. Mimi niliye huku mbele sijasikia."

Nikarudia. Safari hii sauti ilifika. Baba Marwa akasema, "Wewe ndiye unayejificha wageni wakija, nguruwe utamwambia nini?" Watu wakacheka tena, na mimi sikukaa. Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Sikukaa.

Bwana Nyama akanipa bunduki. Kwanza nikaelekeza mtutu chini, nikaifungua nitazame kama ina risasi, kama tulivyofanya kila alfajiri. Ndipo nikaiweka begani. Ikakaa, bibi, shavu langu likalala kwenye mti bila kutafuta. Kelele zikapungua.

Akaniuliza, "Ukimwona mnyama, unatazama nini kwanza?"

"Nyuma yake."

"Nani alikufundisha?"

"Aliyeipima."

Wakazungumza sana, wengine kwa hasira, jua likahama. Niliulizwa umri, nikasema nimetimiza kumi na nane, kwa kuwa nilichelewa kuanza shule nikichunga ndama. Mwisho walikubali kuniombea, kwa sharti kwamba nilinde na shamba la ujamaa, na nikajibu ndiyo. Kibali kimefika. Nyumba yako haikufungwa.

Wiki iliyopita nyumbu walishuka upande wa Mbalibali. Nilingoja mpaka mmoja akae peke yake, nyuma yake kuna kichuguu tu. Ulikuwa umeniambia mnyama wa kwanza nitakayempiga kwa jina langu, mguu wake niupeleke kwa Baba Marwa, hata kama amenuna. Sikujua kwa nini ulisema hivyo wakati hakuna aliyenuna. Niliubeba kichwani mpaka kwake. Alikuwa anarekebisha ua, hakuinuka. Aliutazama mguu, akatazama nilipomwonyesha kwa kidole, mwilini mwangu, mahali risasi ilipompata mnyama, nyuma ya bega.

"Bega haliumi?" akauliza.

"Haliumi, baba."

"Ile tairi imesaidia," akasema. Kisha akamwita mkewe atoe kigoda nikae.

Naogopa bado. Kila asubuhi mikono inakuwa baridi kabla sijafika mwisho wa shamba, na hakuna wa kunishika bega na kusema mwache aende. Najishika mwenyewe. Wengine nawaacha wanakwenda.

Mama amekuchongea kitu. Ni mpini wa jembe lako, ule wa zamani ulikuwa umeoza. Hakuna atakayelima nalo. Limeegeshwa karibu na langu, mlangoni.

Lala, bibi. Shamba nalilinda.

Mimi niliyekuwa karibu,
mjukuu wako Robi