5230, Namba ya Kurekodi Redio

Jumapili, Mbeya. Baridi ya Juni imeingia mpaka jikoni. Naandika nikiwa nimejifunga khanga mbili juu ya sweta, na moyo hautulii.

Jana nilimpelekea fundi kaseti yangu ya miaka ya sabini aihamishie kwenye kompyuta. Juu yake imeandikwa 5230, mwandiko wa kaka yangu Atilio. Fundi akauliza kama ni namba ya simu.

Ilikuwa ratiba yetu ya kurekodi. Mimi nilikuwa karani hapa Mbeya, nikiimba kwaya. Atilio alibaki nyumbani karibu na Tosamaganga, na redio na kinasa sauti. Kwaya ikipangiwa kusikika redioni, nilimpa kondakta wa basi la Iringa namba tu, maana ujumbe mrefu ulifika umebadilika. Tano ni siku: tulihesabu kuanzia Jumamosi, kwa hiyo Jumatano. Mbili ni saa mbili. Thelathini ni dakika za kurekodi. Usiku hatukuutaja, mchana wote walikuwa shambani.

"Dada, huyu kweli ni kaka?" kondakta alinitania. "Mbona humpi hata salamu?"

Salamu nilizipeleka redioni. Kabla ya wimbo wa kwanza niliruhusiwa kumsalimia mama.

Kule nyumbani Atilio alikuwa ameweka kinasa sauti mbele ya redio na kuwaonya wote wakae kimya, kwani kilinasa kila kilichosemwa chumbani. Lakini kwetu salamu haiachwi bila kujibiwa.

"Kamwene, mwanangu! Umekula? Huko nako baridi?"

"Mama, nyamaza, kaseti inazunguka!"

"Kanisalimia mbele ya nchi nzima, halafu ninyamaze?"

Akaendelea kunijulia hali mpaka wimbo ukaisha.

Sauti ya mama haikubaki mahali pengine popote.

Fundi, kijana mwema, alisikiliza kidogo akatabasamu. "Usijali, bibi. Hao wanaoongea nitawafuta, ibaki kwaya safi."

Nikamshukuru, nikatoka. Nilikuwa nimeshafika nyumbani nilipoelewa nilichomshukuru.

Leo amefunga, na simu hapokei. Alisema kazi yangu ataianza Jumatatu asubuhi.

Kesho nitakuwa mlangoni kwake kabla hajafungua. Kama ni lazima afute kitu, afute kwaya.