Mama, Miaka Hii Tuiiteje?

Kwako mama yangu, Wayua wa Kola,

Nakuandikia nikiwa hapa Mumbuni, kwenye ile meza uliyosema ina miguu ya mbuzi mgonjwa. Bado inayumba na bado sijaitengeneza. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na nguo za mtoto zimeanikwa ndani ya nyumba mpaka napita nimeinama. Ndiyo, Mama, nimesema mtoto. Nitafika huko. Kwanza nina ugomvi mdogo na Nduku, na kwa kuwa tangu utotoni ugomvi wetu ulikuwa ukiamuliwa na wewe, nimeona nikuletee na huu.

Dada yangu ameipa miaka hii jina. Anaiita miaka ya ugonjwa. Mtu akimuuliza ule ukuta wa jikoni ulipasuka lini, au ng'ombe mwekundu aliuzwa lini, anajibu, "Si hiyo ilikuwa miaka ya ugonjwa?" Watoto wake nao wamelishika. Juzi yule mdogo aliniambia kwamba alianza shule miaka ya ugonjwa wa susu, yaani bibi yake, akalisema kwa furaha kabisa, kinywa kimejaa chapati, nami nikaumia. Jina likishaingia kwa watoto limekaa. Sitaki wajukuu zako wakikumbuka miaka yako ya mwisho wauone ugonjwa kwanza, halafu wewe nyuma yake.

Kazi ya kuipa miaka majina ilikuwa yako. Redioni walisema miaka ya themanini, miaka ya tisini, na walimu wetu wakasema vivyo hivyo, nawe ukacheka. "Themanini ni jina ama ni nambari ya nyumba?" Kila miaka kumi ilipoisha, wakati wa Krismasi, sote tukiwa Kola na Baba angali anatafuna mfupa wake, ulifuta mikono kwenye leso ukatangaza jina. Hakuna aliyepiga kura. Nilipokuuliza kabla ya wakati ulinifukuza. "Sufuria iko kwa moto na wewe unauliza kama imeiva?"

Miaka yangu ya utoto uliiita Miaka ya Mapapai. Watu wengi wa Ukambani wana jina lao la njaa ya wakati ule, Nikw'a Ngwete, ninakufa huku nimeshika, kwa sababu mtu alikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna unga. Lakini wewe ulikuwa na dada yako kule Matuu, karibu na mfereji wa maji, na dada yako alikuwa na mipapai. Tulikula papai bichi lililochemshwa kama kiazi. Tulikula papai lililokatwakatwa na kukaangwa kama kabeji. Tukiwa na bahati, tulikula papai lililoiva. Mpaka leo nikiona papai kwenye sahani ya hoteli nageuza kiti, na Mueni mke wangu huniombea radhi mbele ya watu kama vile mimi ndiye mtoto wake. Wewe ulilipenda jina hilo. Ulikuwa ukisema ni wachache walioitoroka njaa kwa kula matunda kama matajiri.

Kisha ikaja Miaka ya Kiondo, ulipokuwa ukisuka ukitembea, ukisuka ukituchapa, ukisuka hata kanisani mpaka padri alipokutazama, nawe ukamtazama, na aliyeinamisha macho alikuwa padri. Baadaye Miaka ya Flashi. Hiyo niliipenda kuliko zote. Nduku alikuwa ameolewa, mimi nimekuja mjini kutafuta kazi, na simu yako ilikuwa haina salio hata siku moja, kwa hiyo ulikuwa unatuflashi. Mara moja, niko sawa. Mara mbili, nipigie. Mara tatu, maembe yameiva na nikikukosa Jumamosi usiseme hukuambiwa. Nilikuwa nasikia simu ikilia mara moja tu na kunyamaza, nikiwa juu ya ngazi nimeshika nyaya za stima za mtu, na roho yangu inatulia.

Halafu Miaka ya Tangi, ulipopata tangi la maji na punda akaacha kwenda mtoni. Alinenepa vibaya yule punda. Ulisema amestaafu na apewe heshima yake.

Nilikuuliza siku moja, ukichagua maharagwe uani, kwa nini majina yako yote ni ya vitu hivyo vidogo, na miaka yenyewe ilikuwa na mambo makubwa na machungu. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nilidhani safari hii ungekubali kuiita miaka kwa jina la msiba. Hukuinua uso.

"Mimi naitwa nani?"

"Wayua."

"Na yua ni nini?"

"Ni njaa."

"Sasa. Kila mtu akiniita anaita njaa, na nimeitika tu. Lakini hiyo njaa nilizaliwa ndani yake, wazee waliipatia jina gani? Yua ya Ndeke. Njaa ya ndege. Kwa sababu ndege ilikuja ikaangusha chakula. Hawakuiita mifupa, Mutua. Hawakuiita makaburi. Waliiita ile kitu iliwavusha."

Ukarusha haragwe bovu kwa kuku, ukaendelea na kazi yako. Mimi nimekaa na maneno hayo tangu siku ile.

Basi nikajiuliza: miaka hii ni nini kilituvusha? Nilikaa nayo muda mrefu, Mama. Sukari iliposhika miguu yako hukutaka kuhama Kola, na ukihama Kola ungekuwa mtu mwingine, kwa hiyo hatukukulazimisha. Lakini kliniki iko mjini, na kutoka nyumbani hadi barabarani ni kile kijia kinachoshuka kwenye matuta, ambacho mvua ikinyesha hata pikipiki inakikataa. Nilileta wilbaro. Niliitandika gunia safi na mto. Uliitazama, ukanitazama.

"Mimi si mbolea," ukasema.

Ndipo nikachuchumaa mbele yako, ukanishika shingo, na Nduku akatufunga pamoja kwa leso yako ya rangi ya chungwa. Hatua za kwanza niliogopa kukuangusha. Wewe hukuogopa chochote. Ulisalimia watu ukiwa huko juu kama mgombea anayetafuta kura. Ulimuuliza jirani kwa nini mahindi yake yamechelewa. Ulikemea mbuzi wa watu. Nilipoanza kuhema ulinipiga bega. "Polepole, punda wangu. Ule mwingine amestaafu." Na siku niliyosema kwa mzaha kwamba umekuwa mzito, ulijibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Wewe ulikuwa mzito kuliko mimi. Na ulikuwa unanikojolea!" Tulicheka mpaka nikalazimika kuegemea mti, wewe ukiwa bado mgongoni, tukitetemeka wote wawili kwa kicheko kimoja. Nakupenda sana, Mama. Sikukuambia siku ile kwa sababu nilikuwa nimekosa pumzi.

Jina nililolipata ni Miaka ya Mgongo.

Jana jioni nilimpigia Nduku nimwambie. Akakasirika.

"Mgongo wako," akasema. "Wewe ulikuwa unakuja siku ya kliniki. Mimi je, nilikuwa hapo siku zote. Mimi nitaitwa nini?"

"Na wewe ulikuwa unafanya nini siku zote?"

"Unajua. Nilikuwa namgeuza. Nilikuwa nampaka mafuta mgongo asitoke vidonda."

Nilimsikia akivuta pumzi, kisha nikamsikia akilia, ule mlio wake wa kujizuia tangu tukiwa wadogo. Hukutoka kidonda hata kimoja, Mama. Daktari alishangaa, na mimi sikuwahi kumshukuru dada yangu vya kutosha. Nilimshukuru jana. Akapenga kamasi, akasema, "Haya basi. Mgongo. Lakini wewe ndiye utawaambia watoto, mimi nimeshawafundisha ile ingine."

Sasa nikuambie habari ya mtoto.

Unakumbuka jinsi tulivyomngoja, Mueni na mimi, na jinsi ulivyokuwa ukimshika Mueni mkono bila kumwuliza swali lolote, huku majirani wakimwuliza yote. Alizaliwa mvua zilipoanza. Msichana, kichwa kimejaa nywele, na paji la uso ni lako kabisa, lile la mtu anayesubiri maelezo. Wa kwanza wa kike kwangu, na huyo huitwa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo jina lake linajulikana na kila Mkamba. Muuguzi alipouliza, nilifungua mdomo, na Mueni akawahi. "Bado."

Hakuwa na dharau, usimfikirie hivyo. Alikuwa analia. "Mutua, unajua vile nilimpenda mama. Lakini hii mtoto nimeingoja mpaka nikachoka kuomba. Halafu nikimwita, niwe naita njaa? Kila asubuhi, njaa amka, njaa kunywa uji?" Yeye mwenyewe jina lake maana yake ni mgeni, na ukoo wangu umemtania hivyo tangu arusi, eti mgeni anaondoka lini. Anajua jinsi jina linavyoweza kumfuata mtu. Basi kwa wiki kadhaa binti yetu ameitwa Mtoto tu. Nilipokuwa nikimwangalia niliogopa. Niliogopa kwamba nikimlazimisha Mueni, jina lako litakuwa chungu kinywani mwake, na nikinyamaza, hakutakuwa na mtu wa kuitikia jina lako tena duniani.

Jana nilipozungumza na Nduku simu ilikuwa kwenye spika, na nilimweleza yote, maharagwe, ndege, mifupa ambayo wazee hawakuitaja. Mueni alikuwa akikunja nguo.

Leo asubuhi mtoto alilia tangu mvua ianze. Tulimnyonyesha, tukambembeleza, tukamwimbia vibaya. Mwishowe nikachukua leso yako ya chungwa kutoka kwenye sanduku, nikainama, nikamfunga mgongoni kama mlivyokuwa mkifanya ninyi akina mama. Kijana wa jirani alikuja kuomba kiberiti, akanikuta hivyo. "Sasa mzee, umekuwa yaya?" Nikampa kiberiti aende zake. Nikatembea chini ya kamba za nguo, mlango hadi dirisha, dirisha hadi mlango, nimeinama kama ninavyojua kuinama. Mgongo wangu umeizoea kazi hii. Kilio kikapungua, kikawa kunung'unika, kikaisha.

Mueni alitokea mlangoni mwa jikoni akiwa na mwiko wa uji mkononi. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeuliza jambo la kila siku:

"Wayua amelala?"

Akaja karibu, akaifunika miguu ya mtoto kwa upindo wa leso. "Nilikuwa nafikiria njaa tu," akasema. "Sikuwa nafikiria ndege."

Kwa hiyo Krismasi ya kufunga miaka hii itakapofika, nitafuta mikono kwenye leso yako na kutangaza jina, na Nduku ameahidi kutonipinga mbele ya watu. Najua, Mama, sufuria bado iko kwa moto. Lakini hii nimeionja, imeiva.

Pumzika sasa, hapo chini ya matuta yako, uwakemee mbuzi wa watu wakikukanyagia majani. Ningeandika zaidi, ila Wayua ameamka, na kuna joto linanishuka mgongoni mpaka kiunoni, na hapana, si mvua.

Punda wako,
Mutua